Udongo wa Mayungiyungi

Mume wangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya meneja wa shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Tulioana mwaka uliofuata Uhuru. Mimi natoka Kwashemshi, milimani, ambako maji hupita nyuma ya nyumba na hakuna anayeyashangaa. Yeye alizaliwa porini huko upande wa Sindeni, katika Handeni, ambako mama yake aliamka alfajiri kila siku kwenda kutafuta ndoo moja ya maji, tena yenye tope. Kwa hiyo aliponiambia kwamba kazi yake kubwa ni kutunza kidimbwi cha maua, nilicheka.

"Mtu wa Handeni umepewa maji ya kutazama tu?"

"Nayatazama kwa niaba ya mama," alisema, na hakucheka.

Kidimbwi chenyewe kilikuwa mbele ya baraza ya meneja, cha saruji, kina chake kinafika kiunoni. Ndani yake kulikuwa na mayungiyungi ambayo mke wa meneja aliyaleta kutoka kwao Ulaya. Sisi tunayo ya kwetu, ya buluu, yanayoota kwenye vinamasi vya Mto Pangani na kusimamisha shingo juu ya maji. Yale ya kigeni hayakusimama. Yalilala juu ya maji kama sahani, meupe, na katikati yana rangi ya waridi hafifu. Asubuhi yalifunguka, na alasiri yakajifunga kama mtu anayefumba kiganja.

Mke wa meneja alimfundisha mume wangu kwa mikono zaidi ya maneno, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alimweleza kwamba kwao maua hayo hulala miezi ya baridi, hata maji yakiganda juu yake, kisha huamka. Korogwe hayakupata pa kulala. Joto liliyaendesha mwaka mzima, yakazaa machipukizi juu ya machipukizi mpaka karai yalimopandwa likajaa, majani yakabanana na kusimama juu ya maji kwa kukosa nafasi, na maua yakapungua. Ndipo inabidi kuyatoa, kuyagawa na kuyapanda upya. Mume wangu aliifanya kazi hiyo kila mwaka, muda mfupi kabla ya masika.

Mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na serikali, meneja na mkewe wakaondoka. Nyumba ikawa ofisi. Mume wangu alihamishiwa kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na kidimbwi kikaachwa. Siku moja alikuta maji yamenywea na watu wametupa humo vipande vya matofali. Akaenda kwa bwana mkubwa mpya akamwomba yale maua.

"Ya nini?" yule bwana alimuuliza.

"Ya kupanda nyumbani."

"Si yanataka ziwa hayo? Haya, chukua."

Aliyaleta nyumbani kwetu Kilole kwa baiskeli, yamebanwa ndani ya debe, yamefunikwa gunia lililoloweshwa. Nilikuwa napika. Niliona mtu anaingia uani amelowa mgongo mzima maji ya matope, anatabasamu kama amepewa mtoto.

Mtoto ndiye hatukuwa naye. Mimba zangu mbili hazikufika, na baada ya hapo hata hizo hazikuja. Watu wa kwetu na wa kwao walimshauri aoe mke wa pili, naye aliwasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akawashukuru, akarudi nyumbani. Hatukulizungumza sana jambo hilo. Jioni moja tu, wakati anachimba shimo la kidimbwi nyuma ya jiko letu, alisimama ndani ya shimo akanitazama akasema, "Mimi sijakosa kitu." Akaendelea kuchimba.

Kidimbwi chetu kilikuwa kidogo. Alikijenga kwa matofali ya kuchoma, akakipiga lipu ya saruji, akakiacha kikae na maji, akayamwaga, akajaza tena, maana alisema saruji mpya inachoma mizizi. Akatia na visamaki kutoka mtoni ili viwe vinakula mayai ya mbu. Majirani walikuja kuangalia. Wengine walisema tumejifanya wazungu. Ilipofika sikukuu ya Uhuru mwaka ule, mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuomba maua ya kupamba meza ya mgeni rasmi, na tangu hapo hakuna aliyetusema tena.

Kugawa mayungiyungi tulikufanya wote wawili. Yeye aliingia majini, akainua karai lenye maua, akaliegemeza ukingoni maji yachuruzike. Mimi nilitandika gunia kivulini. Tulilipindua karai, na bonge la udongo likatoka zima, limefungwa na mizizi pande zote. Tuliliosha kwa maji ya ndoo mpaka shina lenyewe likaonekana. Shina la ua hilo hulala ndani ya udongo kama tangawizi kubwa, na huota kuelekea upande mmoja, nyuma yake likiacha sehemu nzee, nyeusi, isiyo na kazi. Aliligusagusa kwa kidole gumba. Palipokuwa pagumu alipaacha. Palipobonyea na kunuka alipakata mpaka akafikia nyama nyeupe. Kila tawi lenye chipukizi alilikata na kipande cha shina chenye urefu wa kiganja, akapogoa majani ya zamani na mizizi iliyochoka, akaliweka kwenye kitambaa chenye maji. Sehemu nzee tulitupa.

Kazi yangu ilikuwa udongo. Ua hili halitaki udongo mwepesi wa bustani, maana huo huelea na kuchafua maji. Linataka udongo mzito wa mfinyanzi. Niliuchukua kwenye kingo za mto, nikautwanga, nikatoa mizizi na mawe, nikaukanda kwa maji mpaka ukashikana. Chini ya karai tuliweka samadi iliyokauka, iliyofungwa kwenye karatasi. Kisha udongo. Kisha yeye aliegemeza kile kipande ukingoni mwa karai, mgongo wake ukutani, chipukizi likitazama katikati ili lipate njia ya kutembea. Alishindilia udongo kwa ngumi, akaacha ncha nje.

"Usilizike," aliniambia kila mwaka, kana kwamba sijui. "Ncha ikizikwa inaoza."

Juu tulitandaza changarawe, tukalizamisha karai taratibu, mwanzoni juu ya matofali ili maji yawe kidogo, na majani yalivyorefuka tukaondoa matofali. Jioni nilimsafisha kucha kwa kijiti cha kiberiti, maana udongo ule uling'ang'ania. Alikuwa akisinzia nikiwa nimemshika mkono.

Kisha ikaja amri ya watu wote kuhamia vijijini. Korogwe mjini haikutugusa sana, lakini upande wa Handeni watu waliokuwa wametawanyika porini walitakiwa kusogea barabarani na kujenga kwa mistari. Tulipata habari kwamba mama mkwe wangu amekataa. Alikuwa mjane, na mume wangu ndiye mwanawe pekee. Tukaenda wote.

Tulimkuta amekaa mlangoni kwake, ameweka miguu mbele, kama anayezuia mlango kwa mwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kama mmekuja kunihamisha, kuleni kwanza."

Tukala. Baada ya chakula mume wangu alianza kusema naye taratibu, Kizigua na Kiswahili vikichanganyika. Kizigua na Kishambaa chetu ni ndugu, nilikuwa nafuata karibu yote. Mama alisema mumewe amelala pale, nyuma ya migomba iliyokauka. Alisema mashamba yake yako pale. Alisema yeye ni mzee, na kijiji anacho, ni kile.

"Mama, huko kutakuwa na maji," mume wangu alisema. "Karibu na mlango wako. Hutabeba tena ndoo."

"Nani amesema?"

"Wanasema bomba litakuja."

"Nakuuliza nani amesema."

"Mimi nimesema."

Yule mama alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akaanza kukunja mkeka wake.

Mume wangu aliomba likizo kazini, akabaki huko kumjengea. Mimi nilirudi Kilole kuangalia nyumba. Alikuja mara moja, amekonda, ngozi imeungua jua. Nyumba ya mama yake ilikuwa imesimama, alisema, imebaki kukandikwa. Lakini bomba halikuja, na watu walikuwa wengi kuliko zamani, wote wakienda kuchota maji kwenye lambo lile lile la mbali. Kwa hiyo yeye na wenzake walikuwa wameanza kuchimba kisima.

"Mmefika wapi?"

"Udongo umeanza kuwa na unyevu. Tukipata maji narudi."

Alilala siku moja. Asubuhi alikwenda kwenye kidimbwi akachutama, akapenyeza mkono chini ya majani. Yalikuwa yamebanana. "Yanataka kugawiwa," alisema. "Nisubiri, usifanye peke yako, karai ni zito." Akapanda baiskeli.

Mvua za masika zilianza vibaya mwaka ule. Zilishuka kwa nguvu, zikakata, zikashuka tena. Siku hiyo nilikuwa nachambua mchele barazani, nikamwona mtu ninayemfahamu wa kwao, jirani ya mama mkwe, anasukuma baiskeli iliyojaa matope. Nilimkaribisha maji, hakuyapokea.

"Shemeji, mumeo ameumia. Jiandae twende."

"Ameumia wapi?"

"Jiandae kwanza, shemeji."

Mtu aliyeendesha baiskeli kutoka Sindeni asiyetaka maji ya kunywa. Nikajua. Nikaweka ungo chini, punje zikamwagika.

Tulipata lori la magogo. Mbele ya safari barabara ilikuwa imekatika, lori likazama mpaka kwenye ekseli, na tukalala barabarani chini ya turubai na abiria wengine. Asubuhi tulitembea. Njiani ndipo yule jirani aliniambia yote. Kisima kilikuwa kimekwenda chini sana. Mvua ililainisha udongo wa juu. Mume wangu ndiye aliyekuwa chini, zamu yake, na upande mmoja ukaporomoka. Walichimba mchana kutwa kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Walimfikia magharibi.

Nilipofika walikuwa wameshamzika. Hawakunikosea. Walinisubiri asubuhi mpaka walipoona hakuna dalili ya gari. Kaburi lilikuwa pembezoni mwa kijiji kipya, la kwanza pale, kwa sababu kijiji kilikuwa hakijapata muda wa kufiwa. Mvua ilikuwa imeanza kulisawazisha. Nilikaa chini mbele yake. Watu walisema maneno ya kunifariji na nikasema amina, lakini nilichokuwa nawaza ni kwamba yuko tena chini ya udongo ule ule walimomtoa juzi.

Mama mkwe wangu hakulia mbele yangu. Nilipojiandaa kurudi Kilole kukaa eda, nilimkuta amekaa kando ya mzigo wake, mkeka ule ule umekunjwa.

"Tutakaa wote," alisema.

"Na nyumba yako, mama?"

"Alinijengea ili nikae karibu na maji."

Hakusema zaidi. Ile nyumba aliwaachia ndugu wa marehemu mumewe, ikakandikwa na watu wengine.

Miezi ya eda tulikaa ndani, mimi na yeye. Alipika, alifagia, alinisimamia nile. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani, naye bila shaka alinisikia. Jirani alituongezea maji kwenye kidimbwi kila kilipopungua. Kupitia dirisha la jiko niliona majani yanapanda juu ya majani, yamesimama wima kama masikio, mengine ya njano. Ua likitokea lilikuwa dogo, limejificha chini.

Eda ilipokwisha, niliingia majini. Nilifunga khanga kiunoni nikashuka, nikashika karai na kuvuta. Halikutikisika. Mizizi ilikuwa imetoka nje ya karai ikashika tope la chini. Nikavuta tena, nikalia kwa hasira, nikavuta. Mama mkwe alitoka jikoni, akaja akapiga magoti ukingoni, akashika upande wa pili. Tukalitoa wote, mzee yule na mimi, likatuangukia kwenye majani na kumwaga maji meusi.

Nililiosha. Katikati palikuwa pameoza, pananuka kama yai viza. Nikakata, nikakata, nikitafuta nyama nyeupe. Nilipata vipande vichache vizima. Nikaviweka kwenye kitambaa. Kisha nikageukia udongo, ule niliokuwa nimeupeleka uani kabla ya msiba na sasa nimeulowesha, na mikono yangu ikakataa. Niliitazama tu. Nilipougusa ulikuwa baridi na mzito, unanata, nikaondoa mkono.

"Siwezi, mama. Udongo siwezi."

Alikaa chini, akavuta lile karai la udongo kwake, akaingiza mikono.

"Unataka ulainike kiasi gani?"

"Ushikane. Usimwagike."

Alianza kuukanda. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mwanawe, nilikuwa sijaiangalia. Akakanda, halafu akasema bila kuinua kichwa:

"Nilimpelekea uji. Siku ile. Akapanda juu, akanywa, amesimama. Nikamwambia pumzika, mwenzako ashuke. Akasema, mama, leo au kesho tunafika. Akanirudishia kibuyu, akashuka."

Nikafunika vile vipande kwa kitambaa.

"Kama nisingekubali kuhama," alisema.

"Mama, wangekuhamisha tu."

"Wangenihamisha wao. Si yeye." Akageuza bonge la udongo. "Asingekuwa na deni la maji kwangu."

Kulikuwa na jambo nililobeba tangu siku ile ya kaburini na sikuwa nimepata wa kumuuliza. Nikauliza sasa. "Mama, walimwosha vizuri? Na maji yalitoka wapi?"

Aliacha kukanda.

"Kila nyumba ilitoa," alisema. "Maji yao ya kunywa. Mwingine alileta kikombe. Ba'mdogo wake ndiye aliyemwosha. Nami nilimuuliza kama unavyouliza. Akasema alimsafisha mpaka kwenye kucha."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, mikono yake imezama kwenye udongo hawezi kujifuta uso, nikamfuta kwa pembe ya khanga yangu. Jua lilikuwa kali. Vile vipande vilikuwa vinaanza kunyauka ndani ya kitambaa, nikavimwagia maji.

Tulivipanda. Yeye alijaza udongo, mimi niliviegemeza. Alitaka kufunika kile cha kwanza chote, kama mtu anayepanda muhogo, nikamshika mkono. "Usilizike, mama. Ncha ibaki nje." Akaondoa udongo kwa kidole kimoja, polepole.

Kisima kile hakikuchimbwa tena. Watu walikifukia na kuweka mawe juu, wakaendelea kwenda kwenye lambo la mbali. Nilipopita huko kuzuru kaburi niliwakuta wanawake na ndoo zao njiani, wakanisalimu kwa kuniita mke wa yule wa kisima.

Mama mkwe aliishi nami miaka kadhaa. Tuligawa mayungiyungi kila mwaka. Alijifunza kupogoa mizizi, lakini udongo hakuniachia hata mara moja, nami sikuudai. Yalistawi, lakini si kama zamani. Mwaka wa ukame mkubwa maji ya Kilole yalikuwa ya kugombea, na nilimwambia tuyaache yafe, ni aibu kumwagia maua maji watu wanapokosa. Alikuwa anatupa kwenye kidimbwi maji yake ya kunawia uso.

Alipougua alisema anataka kulala kando ya mwanawe. Nilimpeleka angali hai, kwa basi, ameegemea bega langu, na alifia nyumbani kwa ba'mdogo wa mume wangu baada ya muda mfupi. Safari hii nilikuwepo. Nilimwosha mimi na wanawake wengine, na maji tuliyapata bila kuombaomba, ilikuwa mwezi wa mvua.

Niliporudi Kilole nyumba ilikuwa na sauti ya nyumba tupu. Mwaka ule nilichukua udongo mtoni kama kawaida nikaumwaga uani, nikautazama kila nilipopita kwenda jikoni. Mvua ikaunyeshea, ukatambaa ukarudi kuwa ardhi ya uani. Mayungiyungi yakabanana. Mwaka wa pili yalitoa ua moja, likafunguka upande mmoja tu. Kiangazi kilichofuata nilizamisha mkono chini ya majani kutafuta shina, nikakuta laini, na vidole vikapita.

Niliyatoa kwa reki, nikayatupa kwenye shimo la takataka. Kidimbwi nilikiacha na maji mpaka yakakauka yenyewe. Sikupanda kitu kingine humo.